Mgombea Mmoja, Bei Mbili

Attracta Lavelle hajawahi kuweka dau maishani mwake. Hilo ndilo jambo la kwanza atakalokwambia ukimuuliza habari za kazi yake, na atalisema akiwa amekupa mgongo, chaki mkononi, akiandika ubaoni bei za farasi wa mbio za saa nane. Ana miaka sitini na minne. Alizaliwa katika chumba kilicho juu ya duka hilihili la kamari, Mtaa wa Darajani, Carrowmoyle, kaskazini mwa kaunti ya Mayo, na ukiondoa miaka tisa aliyokaa Castlebar akiwa karani wa benki, hajahamia kwingine.

Duka lilikuwa la baba yake, Festus. Alipopata kiharusi, Attracta aliacha benki siku ya Jumatano na kufungua duka Alhamisi, kwa sababu Alhamisi kulikuwa na mbio. Kampuni kubwa zilikuja mjini baadaye, moja ubavuni mwake na nyingine ng'ambo ya barabara, zikaweka runinga ukuta mzima na viti vya ngozi. Zote mbili zimefunga na kuondoka, yeye yupo. Sweta lake ni la kijivu kwa kuwa vumbi la chaki halionekani juu yake. Mchana hula kipande kimoja cha mkate na paja la nguruwe, amesimama, na chai humiminwa kutoka kwenye chupa aliyokuja nayo kutoka ghorofani, ngazi kumi na nne tu juu ya kichwa chake, ili asipoteze muda kuzipanda.

Watu hawatoki Sligo na Galway kuja Carrowmoyle kwa ajili ya farasi. Wanakuja kwa ajili ya rais.

Kila baada ya miaka saba nchi hutafuta mtu wa kukaa Áras, ile nyumba nyeupe ya rais kule Dublin. Kwa kuwa rais hana madaraka ya kumuumiza mtu, kila mwananchi ana mtu wake anayemwona anafaa: kocha, jaji mstaafu, mtangazaji, mtawa aliyewahi kumjibu askofu. Kila mpiga kura huwapanga wagombea kwa namba, na anayeshika mkia akitolewa, kura zake huhamia kwa walioandikwa namba mbili. Attracta huwatangulia wote. Miaka miwili na nusu kabla ya kura, wakati wagombea wenyewe wanaapa kwamba hawana mpango, yeye hufuta upande wa kushoto wa ubao na kuandika majina arobaini, kila jina na bei yake. Nane kwa moja. Ishirini kwa moja. Mia kwa moja, yaani euro moja inazaa mia. Na sharti la dau la mapema ni lilelile kwa farasi na kwa binadamu: asipotokea kwenye mstari wa kuanzia, hela yako imekwenda.

Hakuna anayeruhusiwa kuweka zaidi ya euro ishirini. Wengi hawaweki chochote. Wanasimama mbele ya ubao, mikono mfukoni, wanabishana.

"Attracta, huyu jaji umempa kumi kwa moja? Huyu hawezi kumchangamsha hata mbwa wake."

"Mbwa hapigi kura, Tommy."

"Na mtawa?"

"Mtawa ana halmashauri mbili mfukoni. Jaji ana tatu. Soma sheria."

Hapo ndipo ulipo umahiri wake. Kampuni za Dublin huuliza nani anapendwa. Attracta huuliza nani ataingia kwenye karatasi ya kura, kwa sababu asiye na chama kikubwa cha kumbeba lazima apitishwe na halmashauri nne za kaunti. Kwa hiyo anawajua madiwani. Anajua nani amegombana na nani kwa ajili ya uzio, na nani atafuata kura ya shemeji yake. Kila asubuhi saa tatu na dakika kumi hufungua redio ya kaunti kusikiliza matangazo ya vifo, kalamu mkononi, kwa kuwa msiba ukitokea mahali, madiwani wataonekana pale, na atakayebaki kunywa chai mpaka mwisho ndiye anayetafuta kitu. Mara tatu mfululizo ubao wake umemtaja rais kabla ya kampuni yoyote.

Mwaka aliofanya kosa lake kubwa, aliandika katika safu ya tatu: Sally Thornton, kumi na mbili kwa moja. Huyu alikuwa mkuu wa shirika la kuhudumia wakimbizi, anaishi Geneva, kila mtu amemwona kwenye runinga akiwa amesimama matopeni. Chini kabisa, jina la thelathini na nane, aliandika: Sadhbh Ní Dhroighneáin, mia kwa moja. Hili alilipata kwa mteja, aliyemwambia kuna mama anayezungumza Jumapili kwenye redio ya Kiairishi, hadithi za babu yake na mashairi, anapendwa huko rasini, kwenye vijiji vya wasemao Kiairishi, kuliko mvua inavyochukiwa. Attracta alimwandika kwa heshima. Hakuwahi kumsikiliza. Kiairishi alikisoma kwa masista miaka kumi na mitatu, kwa rula na machozi, na akakisahau katika likizo moja.

Ijumaa ya pili ya Mei, siku ya pensheni, basi la rasini lilifika saa nne. Aliyeingia wa kwanza alikuwa Phelim Ginty, mzee aliyesambaza barua huko rasini miaka thelathini na minane, mtu anayeota kwa Kiairishi na kununua sigara kwa Kiingereza.

"Niwekee ishirini kwa yule mama wa redio," alisema.

"Sadhbh? Mzee Phelim, hiyo hela ya pensheni. Si ungenunua makaa."

"Makaa ninayo."

"Basi soksi."

"Wewe andika, binti Festus. Ukiendelea kunionea huruma nitahamia duka la ng'ambo."

"Limefungwa."

"Ndiyo maana nipo hapa."

Nyuma yake akaja mama mmoja mwenye kofia ya sufu. "Na mimi ishirini hapohapo. Usinikodolee macho, mwanangu, nimekufahamu ukiwa na kamasi." Nyuma ya mama, ndugu wawili wavuvi wa kaa. Kisha fundi bomba. Kufika saa kumi walikuwa ishirini na watatu, wote wa rasini, wote ishirini-ishirini, wote kwa jina la thelathini na nane.

Fintan, mtoto wa kaka yake, mwanamume wa miaka thelathini na minane anayemsaidia kwenye kompyuta, alimnong'oneza: "Shangazi, hawa wamekunywa nini?"

"Ni dau la mapenzi. Waache."

Kila mwenye duka la kamari analijua dau la mapenzi. Ni hela ambayo watu wa kijiji humwekea farasi wa kijiji chao akiwa na miguu mitatu, na imejenga nyumba nyingi za wenye maduka. Attracta alifunga saa kumi na mbili, akamshusha Sadhbh hadi hamsini kwa moja kwa adabu tu, akapanda ngazi zake kumi na nne.

Wiki tano baadaye, Jumanne, saa tatu na dakika kumi, redio ikatangaza vifo. Wa pili alikuwa ajuza wa rasini, Bríd Uí Dhroighneáin, aliyefariki kwa amani kitandani mwake, anaombolezwa na jirani zake wote na binti yake wa pekee Sadhbh, au Sally Thornton, wa Geneva. Mwili uko nyumbani. Maziko Alhamisi.

Attracta aliitua kalamu.

Mtu wa kwingine angehitaji kuelezwa. Yeye hakuhitaji, na hilo ndilo lililomuuma: alikuwa na elimu ya kutosha kujua, alipoambiwa, kwamba Droighneán ni kichaka cha miiba, na kwamba karani fulani wa zamani, aliyechoka kuandika majina ya wenyeji, aliwageuza watu wote wa kichaka hicho kuwa akina Thornton, miiba ileile kwa Kiingereza. Kwamba Sadhbh akienda shule ya Kiingereza hurudi akiitwa Sally, na mtu wa Geneva anaweza kuzungumza redioni kwa simu. Watu wa rasini walikuwa wamesimama mbele ya ubao wake, wakamwona binti wa jirani yao ameandikwa mara mbili, juu kwa kumi na mbili na chini kwa mia, na wakafanya ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu angefanya.

Fintan alipofika alimkuta bado amekaa. Alipoelezwa, alichukua kikokotoo, akakiweka chini bila kukibonyeza. Ishirini mara mia mara ishirini na tatu haikuhitaji mashine. Elfu arobaini na sita. Duka halikuwa nazo. Duka halijawahi kuwa nazo.

"Futa," alisema. "Zote. Kanuni ipo, shangazi, kila duka linayo. Kosa la wazi. Bei ikiwa imekosewa waziwazi, dau linarudishwa. Wape ishirini zao na biskuti."

"Kosa la wazi kwa nani?"

"Kwa mtu yeyote!"

"Kwa Phelim lilikuwa wazi. Kwangu halikuwa wazi. Hiyo kanuni imewekwa kwa mtu aliyeandika sifuri moja ya ziada, mkono umeteleza. Mkono wangu haukuteleza. Nilimtazama huyo mama nikasema, huyu ni mia. Nilimpima vibaya kwa sababu sijui kusoma."

"Unajua kusoma!"

"Sijui, Fintan. Majina ya watu wa kaunti yangu mwenyewe."

Fintan akajaribu njia ya pili, ile ambayo mtu yeyote wa kazi hii angeifikiria: waende kwa kampuni kubwa, waweke elfu nne kwa Sally kwa kumi na mbili kwa moja, akishinda zitalipa pengo. Akajaribu mwenyewe mchana ule, kwenye kompyuta. Kampuni ya kwanza iliona jina Lavelle, ikaruhusu euro kumi. Ya pili ikaruhusu sita na senti hamsini. Walimfahamu Attracta vizuri mno. Mtu ambaye bei zake huigwa hapewi nafasi ya kununua bei.

"Mwambie mtu mwingine atuwekee," alisema Fintan.

"Nimbebeshe mtu jina langu baya? Hapana. Na mimi sibeti."

Alasiri hiyo alifuta mstari wa thelathini na nane, na katika safu ya tatu akaandika, kwa herufi ndogo ili yaenee, majina yote mawili mbele ya bei moja: kumi kwa moja. Kesho yake akaoga, akavaa koti jeusi, akaendesha kilomita arobaini na moja hadi rasini kutoa pole.

Foleni ilianzia getini. Ndani, marehemu alikuwa amelazwa chumba cha mbele, rozari mkononi, na kando yake alisimama mwanamke mrefu mwenye mvi fupi, akishika mikono mmoja baada ya mwingine. Attracta alipofika mbele yake akasema analosema kila mtu, kwamba amesikitika kwa shida iliyompata.

"Wewe wa wapi, mama?"

"Lavelle. Carrowmoyle."

Yule mwanamke hakuuachia mkono. "Wa ubao? Nasikia nimeandikwa mara mbili."

"Uliandikwa mara mbili, bibi. Ila utagombea mara moja tu."

"Nani kasema nagombea?"

"Ubao."

Sally Thornton alicheka, kicheko kifupi cha mtu ambaye hajacheka siku tatu, na watu waliokuwa nyuma kwenye foleni wakainua shingo kuona nani anachekesha mbele ya maiti.

Jikoni, Phelim Ginty alikuwa ameketi karibu na jiko, sahani ya mkate magotini. Alipomwona Attracta akaanza kuchungulia ndani ya kikombe chake kana kwamba kuna kitu kimezama humo. Alikuwapo fundi bomba, walikuwapo wavuvi.

"Mzee Phelim," alisema Attracta, "mikeka yenu ya dau ipo palepale. Mia kwa moja."

"Hatujauliza."

"Najua hamjauliza. Ndiyo maana nawaambia."

Akapewa chai, akainywa, akarudi nyumbani. Habari hiyo haikutoka rasini. Watu wa huko wakitaka kunyamaza hata padri hawezi kuwafungua, na kwa jambo hili walikuwa na sababu.

Mwaka ukapita, na mwingine. Sally Thornton alirudi nchini moja kwa moja, akakana mara nne, na mara ya tano akakubali. Ubaoni alishuka kutoka kumi hadi nane, akapanda kumi na nne alipoonekana hana chama, akashuka tena. Fintan aliifuatilia ile chaki kwa macho ya mgonjwa anayesoma kipimo chake cha homa. Aligundua jambo: bei ya shangazi yake haikuyumba hata nusu hatua kwa hofu. Sally alipostahili kushushwa, alishushwa, siku hiyohiyo.

Septemba, wiki sita kabla ya kura, halmashauri tatu zilikuwa zimempitisha. Alihitaji ya nne, na siku ya mwisho ya kupitisha majina ilikuwa Jumatano. Zilizobaki zilikuwa zimesema hapana au zimempa mtu mwingine, isipokuwa moja: Mayo yenyewe. Madiwani thelathini. Kwa hesabu ya Attracta, kumi na tano walikuwa naye, kumi na wanne walikuwa kinyume, na mmoja, Concepta Durkan, hakuna aliyemjua yuko wapi, pengine hata Concepta mwenyewe. Kura zikilingana, hoja inaanguka.

Jumatatu, saa tano na robo, nusu saa kabla ya kura kupigwa Castlebar, simu ya duka ikalia. Concepta alikuwa kwenye korido ya ukumbi, anasema kwa sauti ya chini.

"Attracta, dada yangu. Nisaidie."

"Sema."

"Chama kimenikataza. Nikimpitisha huyu mama watanisusa mwaka mzima. Siogopi kususwa, nimeolewa miaka thelathini na moja. Ila sitaki kususwa bure. Nikimpitisha halafu akaambulia kura za jamaa zake, nitaonekana mjinga kaunti nzima. Wewe hujawahi kunidanganya. Ana nafasi, au hana?"

Concepta hakujua chochote kuhusu mikeka ya rasini. Fintan alijua, na alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwenye kaunta, amesikia kila neno, kwa maana Concepta hata akinong'ona anasikika barabarani. Alitikisa kichwa. Hakumwambia shangazi yake adanganye. Baadaye alilisisitiza hilo. Alichotaka ni asijibu tu. Aseme mteja ameingia. Aseme sijui. "Sijui" moja ingetosha, na hakuna mtu duniani ambaye angemlaumu, kwa maana nani anajua?

Attracta aliutazama ubao. Hakuwa ameugusa tangu asubuhi.

"Nne kwa moja," alisema.

"Hiyo niliisoma jana."

"Basi sikiliza ya leo. Ni kubwa mno. Ukimpitisha nitaifanya tatu. Wengi hawatamwandika namba moja, Concepta, ila karibu kila mtu atamwandika namba mbili. Yule wa kwanza kwenye ubao wangu, nusu ya nchi itamwandika wa mwisho kwa makusudi. Nimepiga simu kaunti kumi na tisa."

"Kwa hiyo ana nafasi."

"Ana nafasi nzuri kuliko bei yake. Sikuambii umpitishe. Umeniuliza bei."

Simu ikakatwa. Fintan alikaa kwenye kiti cha wateja, jambo asilofanya kamwe saa za kazi.

"Shangazi, umelinunua jeneza lako."

"Jeneza ni bei gani siku hizi? Hebu inuka, unamzibia Tommy."

Saa sita na dakika tano redio ikasema kumi na sita kwa kumi na nne. Attracta akafuta nne, akaandika tatu.

Kura zilipigwa Ijumaa ya mwisho wa Oktoba, zikahesabiwa Jumamosi. Katika hesabu ya kwanza Sally Thornton alikuwa wa pili. Katika ya pili alikuwa wa pili bado, lakini kwa karibu. Katika ya tatu, namba mbili zote zilipomiminwa, akapita, na rasini wakawasha mioto mitano ufukweni, ikaonekana hadi ng'ambo ya ghuba. Attracta aliisikiliza hesabu yote dukani. Ilipokwisha aliinama, akatoa chini ya kaunta kopo la biskuti la bati na kumsogezea Fintan.

Humo mlikuwa na elfu ishirini na nne. Tangu mwezi uliofuata ule msiba alikuwa anaweka mia mbili kila Ijumaa, wiki mia moja na ishirini, bila kuruka hata moja. Zilizobaki zilikuwa benki: mwezi Agosti alikuwa ameuza shamba la kando ya ziwa, la pekee aliloachiwa na Festus, kwa jirani aliyelitamani miaka ishirini. Fintan aliuliza kwa nini auze Agosti, kabla hata mgombea hajapata halmashauri ya nne.

"Ukiuza unapolazimika, unapewa bei ya aliyelazimika," alisema Attracta.

Jumatatu saa nne kasorobo foleni ilikuwa imefika kwenye daraja. Alilipa kwa utaratibu wa kawaida: akachukua karatasi, akailinganisha na nakala yake, akahesabu mara mbili, akasema ahsante. Wavuvi walivua kofia. Fundi bomba alitaka kutoa hotuba, akaambiwa anazuia watu. Mama mmoja aliuliza kama wanaweza kuchukua nusu, kama watu wa staha.

"Uliweka nusu?" aliuliza Attracta.

"La. Nzima."

"Basi chukua nzima, mama. Nusu sina mahali pa kuiandika."

Kufika jioni wamelipwa ishirini na wawili. Phelim Ginty hakutokea. Hakutokea Jumanne, wala Jumatano. Alhamisi mchana Attracta alifunga duka kwa saa mbili nzima, kitu ambacho Fintan hakumbuki kimewahi kutokea mbio zikiwapo, akaendesha hadi rasini akiwa na bahasha.

Mzee alimfungulia mlango akiwa na soksi tupu. Akamkaribisha ndani, akaweka birika motoni, akageuza mgongo kama anavyofanya Attracta mwenyewe akiulizwa mambo yake.

"Nilikuwa na mafua," alisema.

"Pole. Hizi ni zako. Elfu mbili na ishirini yako juu yake."

"Nimesikia umeuza shamba la Festus."

"Lilikuwa na maji maji."

"Hatukukuibia, Attracta."

"Hamkuniibia. Mlijua kusoma." Alisubiri ageuke. "Nataka kukuuliza kitu kimoja tu, na usinijibu kwa adabu. Siku ile ya kwanza, kama ningekuuliza, mzee Phelim, hawa ni wawili au ni mmoja, ungeniambia?"

Maji yalichemka, Phelim akaipua birika.

"Hapana," alisema.

"Vizuri."

Wakacheka wote wawili, mzee mpaka akakohoa. Mzee alipomaliza kumimina chai, Attracta alitoa mkobani karatasi iliyokunjwa mara nne na kuinyoosha mezani, kando ya bahasha. Rais mpya alikuwa hajaapishwa bado, na tayari Attracta alikuwa na orodha ya majina kumi na moja, kila jina na bei yake, ya wanaoweza kumfuata baada ya miaka saba. Sita yalikuwa ya Kiairishi.

"Leo nimekuja kabla ya kuandika ubaoni," alisema. "Niangalizie kama kuna mtu yumo mara mbili."

Phelim alitafuta miwani yake juu ya redio, akaipata kwenye paji la uso wake. Alipitisha kidole jina kwa jina, akilitamka kila moja kwa sauti, kisha akilitamka kwa Kiingereza chake, kama alivyokuwa akifanya mbele ya masanduku ya barua.

"Hakuna," alisema. "Kila mtu yumo mara moja."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Lakini huyu wa nne ni binamu yangu, na thelathini kwa moja ni matusi."

Attracta alitoa kalamu mfukoni mwa sweta, akalitazama lile jina, akafikiri. Kisha akairudisha kalamu mfukoni na kuiacha thelathini palepale ilipokuwa.